Malimbuko Yasiyopimwa

Ijumaa niliyostaafu, karani wa stoo alisoma orodha ya vitu vya kurudisha: mkuki mmoja wa kutolea sampuli, mita moja ya unyevu, mizani ndogo, koti jeupe. Koti lile lilikuwa limeacha kuwa jeupe miaka mingi iliyopita, lakini alilitia alama bila kuliangalia. Chupa yangu ya kupimia haikuwa kwenye orodha, kwa hiyo hakuniuliza iko wapi. Iko kwa mwanamke mmoja kule Mbeere. Ninyi vijana mnaobaki mliniomba niwaandikie niliyoyaona katika kazi ya kupima mahindi. Nitawaandikia jinsi chupa hiyo ilivyofika kwake, na mengine mtayaokota njiani.

Mimi ni mtu wa Ruiri. Shule niliiacha darasa la sita, mwalimu alipochoka na maswali yangu nami nikachoka na kiboko chake. Baada ya hapo sikukaa mahali. Nilichunga ng'ombe wa watu, nikachuma miraa, nikavunja mawe ya kujengea, nikaosha sufuria katika hoteli moja Meru mjini. Kila kazi niliiacha nikishaelewa inavyokwenda. Makanisa nayo niliyahama vivyo hivyo. Nilikaa hadi nikajua mhubiri anakokwenda kabla hajafika. Mama yangu alisema mimi ni mbuzi aliyekata kamba, hana anakokwenda ila hawezi kusimama.

Kianjai nilifika kubeba magunia katika ghala la mfanyabiashara wa nafaka. Siku ya kwanza nilimkuta mzee mmoja ameketi mlangoni juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa. Alikuwa na chupa tupu ya kioo, kavu kabisa. Akatia konzi ya mahindi, akatia chumvi kijiko kimoja, akafunga, akatikisa kwa muda, kisha akainua chupa kwenye mwanga na kuitazama.

"Mzee, hiyo ni dawa?" nikamwuliza.

"Hii ni kazi," akasema. "Yako ni lile gunia."

"Na chumvi ni ya nini?"

"Wenzako wameleta mgongo. Wewe umeleta mdomo."

Lakini alinieleza. Chumvi iliyokaushwa vizuri juu ya moto ina kiu. Ukiitikisa pamoja na mahindi mabichi, inakunywa unyevu wake na kunata kwenye kioo. Mahindi yakiwa makavu, chumvi inabaki ikicheza chini ya chupa. Kabla ya mita kufika, lori zima lilikubaliwa au kurudishwa kwa chumvi ya kijiko kimoja. Niliacha gunia likiwa nusu mgongoni, na kazi hiyo ya kupima ndiyo pekee ambayo sikuwahi kumaliza kuielewa, ndiyo maana sikuiacha.

Mzee huyo aliitwa Nyaga, Mwembu kutoka nyanda za chini, aliyeletwa Kianjai na mwenye ghala awe mpimaji wake. Alinifundisha mkuki, bomba lenye ncha la kuchotea mahindi ndani ya gunia. Uchomeni ukiwa na mfereji wake umeangalia chini, mkifika ndani ndipo muugeuze juu, la sivyo mtajaza mahindi ya pembeni na kujidanganya kwamba mmefika katikati. Mwenye mali atawaonyesha gunia la juu kwa tabasamu. Ombeni la chini. Akikasirika, ombeni la chini lililo nyuma.

Kila asubuhi, kabla ya kuchoma gunia la kwanza, Nyaga alivua kofia, akafumba macho, na midomo yake ikatembea kidogo. Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia.

"Mzee, unamwomba Mungu mahindi yawe makavu?"

"Mahindi yalishakuwa yalivyo kabla nivue kofia."

"Sasa unaomba nini?"

"Naomba nisiogope nitakachoona. Mwenye lori akiwa rafiki yangu, macho hutafuta njia ya kumsaidia."

"Na ukungu wa mahindi, ni nani aliuumba?"

"Yule yule aliyeumba mahindi."

"Kwa nini?"

"Kamuulize mwenyewe. Hiyo haiko kwa chupa. Beba gunia."

Nilikuwa nimekutana na watu wa dini waliokasirikia maswali, na watu wa vitabu waliocheka dini. Nyaga hakuwa upande wowote kati ya pande hizo. Kwake, mtu aliyeandika kwamba mahindi ni makavu ilhali ni mabichi alikuwa amemsingizia Mungu, kwa sababu ametoa ushahidi wa uongo juu ya kitu alichokiumba. Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua ni maji.

Ghala la Kianjai lilipofungwa, Nyaga alipata kazi katika ofisi ya kupima nafaka mjini Embu, akaniita. Nikapanga chumba katika mtaa wa hapo unaoitwa Dallas nikidhani nitakaa miezi miwili. Mama aliposikia bado nipo baada ya mwaka, alituma watu kuuliza kama nimefungwa.

Kesi ya kwanza ngumu ilikuwa mwaka ambao mvua ilinyesha wakati wa kuvuna. Tulipelekwa kwenye boma moja nyanda za chini. Baba wa boma alikuwa amekufa, watoto wawili wamelala na macho ya manjano na matumbo yaliyovimba. Majirani walikuwa wamejaa uani, wanaume wakisimama mbali na wanawake. Katikati ya uwanja, peke yake juu ya gogo, aliketi mke wa mdogo wa marehemu. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Walikuwa wameshaamua kwamba ndiye aliyewaloga.

Nilitaka kwenda moja kwa moja kwenye ghala. Nyaga alinishika mkono, akawageukia wenyeji.

"Mbwa wenu yuko wapi?"

Walitazamana. Msichana wa kazi akasema walimzika wiki iliyopita.

"Alikula nini?"

"Ugali uliobaki. Kama siku zote."

Ndipo tukaenda ghalani. Mahindi yalikuwa meupe, mazuri kwa macho, lakini ukiingiza mkono hadi kiwiko ulihisi joto kama la mtu mwenye homa. Ilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Haina harufu, haina ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Watoto wale wawili hatukuwaokoa. Lakini jioni tulipokuwa tukiondoka, yule mwanamke wa kwenye gogo alitufuata hadi barabarani, akaushika mkuki, akauachilia, akarudi. Tangu siku hiyo, kila nilipoitwa kwenye ugonjwa, swali langu la kwanza limekuwa la Nyaga. Mbwa hula kabla yetu au baada yetu, lakini ana mwili mdogo, na hufa mapema.

Baadaye mita za unyevu zilikuja, kisha vijiti vya karatasi vya kupimia sumu yenyewe. Mnavijua. Unasaga sampuli, unachanganya na dawa, unachovya kijiti, unangoja. Mistari miwili ni heri, mmoja ni shari. Wageni hudhani sumu huandika alama yake. Sivyo. Sumu hufuta. Habari mbaya katika kazi yetu ni mstari unaousubiri usije. Nimewaona watu wazima wakikodolea kijiti macho hadi wakaanza kuona mstari usiokuwapo, nami nimekuwa mmoja wao.

Nyaga alipostaafu alinikabidhi chupa yake. "Mita ikiishiwa na betri," akasema, "chumvi haiishiwi." Alirudi kwao Mbeere, huko nyanda za chini, akawa mzee wa kanisa na mtunza stoo yake. Nilimtembelea kila nilipopita huko na kazi. Nililala kwake, nikala kwake, nikabishana naye. Hakuoa tena baada ya mkewe kufa, na nadhani maswali yangu yalikuwa sehemu ya kelele za nyumba yake.

Kanisa lao lilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Wakati wa shukrani ya mavuno, kila nyumba ilileta debe la malimbuko, yaani mahindi ya kwanza kutoka shambani. Hawakuyaweka kwenye magunia yenye majina. Waliyamwaga yote sakafuni mbele ya madhabahu, yakawa kilima kimoja, wakakizunguka wakiimba. Nyaga alinieleza sababu yake kwa fahari: mwenye shamba kubwa na mjane mwenye vijishamba viwili, mahindi yao yakishachanganyika hakuna anayejua ya nani ni mengi. Baada ya ibada yalitiwa magunia na kuwekwa stoo, na ilipofika miezi ya njaa waligawiwa wajane, wazee na wanaolea yatima. Niliipenda desturi hiyo. Bado naipenda, na hilo ndilo linalonisumbua.

Malimbuko hayangoji. Ya kwanza ni ya Mungu, na ya kwanza hayawezi kuletwa baada ya kukaa wiki tatu juani kwenye turubai huku wenye nyumba wakila mengine. Kwa hiyo mahindi matakatifu kuliko yote kijijini ndiyo yaliyokuwa mabichi kuliko yote. Miaka ya jua kali hilo halikuonekana, kwa sababu hata mabua yalikuwa yamekauka kabla ya kuvunwa. Kisha ukaja mwaka mwingine wa mvua ya kuvuna.

Jumapili ya shukrani nilikuwa huko. Nyaga alinialika, nami nilifika na mkoba wa kazi kwa sababu kesho yake nilikuwa na ziara ng'ambo ya mto. Mita ilikuwa ndani. Nikasimama nyuma, watu wakaingia na madebe, mvua ikipiga mabati. Kilima kikainuka. Nilipopita karibu nacho wakati wa wimbo, niliinama nikachota konzi moja. Ilikuwa baridi, na punje hazikulia zilipogusana. Mahindi makavu hulia mkononi kama kokoto.

Nilimvuta Nyaga kando, nyuma ya ngoma.

"Mzee, haya ni mabichi. Tuyapime."

"Yameshaombewa."

"Ndiyo, lakini..."

"Ukimpa mtu zawadi, unamfuata nyumbani ukaipime?"

"Mzee, wewe ndiye uliniambia niombe gunia la chini."

"Ile ni sokoni." Alisema kwa sauti ya chini, wala hakuwa na hasira. "Angalia pale. Yule cucu, Marigu. Ameleta debe lake, na shamba lake unalijua, ni mawe. Nimwambie mbele ya kanisa kwamba alichomletea Mungu hakifai? Kilima hiki ndicho mahali pekee hapa ambapo hakuna mtu anayepimwa. Kiache."

Nilimtazama Marigu. Alikuwa cucu, yaani nyanya, mwembamba wa miaka sitini na kitu, akimlea mjukuu wake Wawira, mtoto wa marehemu binti yake, msichana wa miaka minane aliyekuwa ameketi chini akihesabu punje zilizovingirika hadi miguuni pake. Nikafunga mkoba. Mchungaji, kijana aliyeitwa Pasta Ireri, naye alikuwa amemwuliza Nyaga kabla ya ibada kama mahindi yako sawa, nikaja kujua baadaye. Nyaga alimjibu kwamba ni malimbuko. Pasta akatosheka, kwa sababu aliyemjibu alikuwa ameyapima mahindi maisha yake yote. Pasta alimwamini mpimaji, mpimaji akaiamini sala, nami nikamheshimu mzee. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema uongo.

Magunia yalikaa stoo kwenye sakafu ya simiti, bila mbao chini yake. Miezi ya njaa ilipofika yakagawiwa. Nyaga naye alichukua sehemu yake, si kwa sababu alikuwa na njaa, bali aliona si vizuri kuwapa wajane chakula asichokila mwenyewe.

Nilikuwa ofisini Embu simu ilipoita. Ilikuwa Pasta Ireri. Alisema kuna watu wanaugua, Wawira akiwa mmoja wao, na kwamba dispensari imewatuma hospitali. Nikamwuliza kuhusu mbwa.

"Mbwa gani?"

"Mbwa wa Cucu Marigu. Yuko wapi?"

Nikamsikia akimwuliza mtu. Kisha akarudi kwenye simu, sauti imebadilika. "Anasema alikufa Jumanne. Umejuaje?"

Wawira alifariki kabla sijafika. Nilifika kanisani na mkuki mchana, nikakuta watu wamesimama mlangoni pa stoo. Si kwamba walikuwa wajinga, msidhani hivyo. Walikuwa wamefiwa, na niliwaletea kitu kibaya kuliko kifo.

"Wewe mtu wa Meru," mwanamume mmoja akaniambia, "unataka kusema Mungu ametulisha sumu?"

"Sijasema kitu. Nataka kupima."

"Mahindi haya yaliombewa. Kila mtu hapa aliweka mkono juu. Sasa ukipata sumu, ni sala ya nani ilikuwa mbovu?"

"Na kama ni sumu, ni debe la nani?" akauliza mwingine. Kila mmoja alikuwa amelimwaga lake kwenye kile kilima.

Pasta Ireri alikuwa na ufunguo, lakini hakuusogeza kwenye kufuli. Sikumlaumu. Kisha watu wakapisha njia. Nyaga alikuwa anakuja, akitembea kwa fimbo, polepole, akisimama kila hatua chache. Tumbo lilikuwa limevimba chini ya shati. Alipofika karibu niliyaona macho yake ya manjano, nikajua.

"Mzee, ulipaswa kuwa hospitali."

"Nitakwenda. Fungua, Pasta."

Mlango ukafunguliwa. Joto la stoo likatutokea usoni kama pumzi. Nyaga akavua kofia. Midomo yake ikatembea kidogo. Nilikuwa nimeiona sala hiyo asubuhi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na nilijua kila neno lililokuwamo, na safari hii sikuweza kuitazama. Alipomaliza akaweka kofia kichwani.

"La chini," akaniambia. "Lililo nyuma."

Nilichoma. Nilisagia sampuli juu ya benchi la kanisa, mbele yao wote, nikieleza kila hatua kwa sauti ili mtu asiseme nimefanya mazingaombwe. Nilichovya kijiti. Nikakiweka juu ya karatasi nyeupe na kuwaambia tungoje. Mstari wa kwanza ukatokea. Watu wakasogea. Mstari wa pili haukuja. Nilirudia kwa gunia lingine, na lingine. Mwanamke mmoja alinong'ona, "Ninauona, ninauona mwembamba," na Nyaga akamjibu kwa upole, "Hapana, mama. Haupo. Tusijidanganye mara ya pili."

Cucu Marigu alikuwa ameketi benchi la nyuma tangu mwanzo, kanga ya msiba kiunoni. Alisimama akaja hadi mbele ya Nyaga. Walikuwa wamekua pamoja, walibatizwa siku moja.

"Nilikiombea chakula kile," akasema. "Kila sahani. Wawira naye aliomba, yeye huomba haraka kwa sababu ya njaa, lakini aliomba. Nyaga, Mungu hakusikia?"

"Alisikia."

"Basi?"

"Alikuwa ameshatupatia mkuki, Marigu. Tangu zamani. Mimi ndiye niliyeona haya kuuingiza kanisani."

Marigu akamsogelea. Nilidhani atampiga.

"Hilo ni jibu lako," akasema. "Si lake. Lake bado nalingoja." Kisha akauliza jambo ambalo nimelisikia usingizini tangu siku hiyo. "Inaweza kuwa ni debe langu? Mvua ilinikuta kabla sijamaliza kuvuna. Nilijua ni mabichi kidogo. Nilisema Mungu atayakausha."

Hakuwa akimwuliza Nyaga. Alikuwa ananiuliza mimi, mtu wa vipimo. Nilimwambia kweli, kwamba yakishachanganyika hakuna kifaa kinachoweza kutenganisha. Inaweza kuwa lake. Inaweza kuwa la yeyote. Huenda yote yaliingia salama, unyevu ukayaharibu yakiwa stoo. Nilidhani ninampunguzia mzigo. Niliona usoni mwake kwamba nimemfungia mlango, kwa sababu kama angejua si lake angepona, na kama angejua ni lake pengine angelia. Sasa hakuwa na la kufanya.

Tulichimba shimo nyuma ya kanisa, tukamwaga mahindi, tukachoma na kufukia. Pasta Ireri alichimba kuliko wote. Nyaga alipelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Nilikaa naye zamu za mchana. Watu walikuja kumwombea apone, naye aliitikia amina kwa kila mmoja, kisha akameza dawa zake kwa wakati. Siku moja nilimwuliza kama anaona mambo hayo mawili yanapigana.

"Mimi ndiye niliyeyagombanisha," akasema. "Miaka yote nilimpeleka Mungu kazini. Siku moja tu nilipotakiwa kupeleka kazi kwa Mungu, nikaiacha mlangoni kama viatu."

"Nami nilikuwa na mita mkobani, mzee."

"Najua. Niliuona mkoba. Nilishukuru ulipoufunga." Akageuza uso ukutani. "Usinisamehe haraka."

Alikufa wiki hiyo. Sijamsamehe haraka, wala nafsi yangu. Waliofariki kwa sababu ya kile kilima walizikwa katika makaburi yasiyo mbali, na Wawira yuko kati yao. Katika ripoti niliandika chanzo: uhifadhi mbaya wa nafaka yenye unyevu. Ni kweli, na kila neno lake linaweza kuthibitishwa. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba watu wazuri walioneana haya.

Mwaka uliofuata Pasta Ireri alinipigia tena. Alisema shukrani ya mavuno itafanyika, ila watu wanaogopa kuleta mahindi, na wengine wanasema desturi ife. Aliniomba niende na mita. Nilikwenda. Kabla ya ibada nilipitia kwa Cucu Marigu. Nilikuwa na chupa ya Nyaga, na nikampa. Sikujua ninampa kwa nini. Labda nilichoka kuibeba. Nikamwonyesha chumvi, jinsi ya kuikausha, jinsi ya kutikisa na kutazama. Alinisikiliza bila kuuliza kitu. Nilidhani ataiweka tu kama kumbukumbu.

Kanisani, watu waliingia wakayapanga madebe mbele, moja moja, hakuna aliyethubutu kumwaga. Hakukuwa na kilima. Kila debe lilikuwa na mtu wake nyuma yake, na kila mtu alimwona mwenzake ameleta kiasi gani. Wengi waliangalia chini. Pasta Ireri alisimama, akainua mikono.

"Tuombe."

"Bado," sauti ikasema.

Marigu alitoka kwenye benchi na chupa mkononi. Nikainuka na mita, akaniashiria niketi. Alianza na debe lake. Akachota konzi, akatia chumvi aliyoifunga kwenye pindo la kanga, akafunga chupa kwa kiganja, akatikisa. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, kama mvua ya kwanza juu ya mabati, na kanisa zima liliisikiliza. Akainua chupa kwenye dirisha. Chumvi ilikuwa imeanguka yote chini, kioo kiko safi. Mahindi yake yalikuwa makavu.

Nilitafuta furaha usoni pake, sikuiona. Chumvi ya mwaka huu haikuwa na la kusema juu ya debe la mwaka uliopita. Alisimama akiitazama, kana kwamba huenda bado ingebadilisha maneno.

"Amina," mtu mmoja akajaribu kusema.

Pasta akashusha mikono kidogo. "Cucu, sasa tuombe?"

Marigu alikuwa ameshaifuta chupa kwa kanga na kupiga hatua moja kulia. Mwenye debe la pili, mwanamume mkubwa mwenye ng'ombe wengi, alirudi nyuma kumpisha, jasho likimtoka.

"Bado, Pasta," akasema, akainama kuchota. "Kuna hili."